Kiwanja cha ndege cha kuazima kilichoinua jina la Cleveland

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye nguo akiitaka hutoka nayo, nawe ukabaki kama ulivyokuwa. Lakini uko mji mmoja huko Marekani uliovaa nguo ya kuazima kila mwaka kwa muda wa miaka 26, ukajipamba nayo mbele ya walimwengu, na siku ilipovuliwa wenyeji wake wakabaki wakiililia. Mji huo ni Cleveland, katika jimbo la Ohio, na nguo yenyewe ilikuwa kiwanja cha ndege.

Kuanzia mwaka 1982 hadi 2007, kila ulipokaribia mwanzo wa Julai, ndege zilikatazwa kutua katika kiwanja cha Burke, kilichoko ukingoni mwa Ziwa Erie, hatua chache tu kutoka katikati ya mji. Mahali pa ndege yakaingia magari ya mashindano: yale ya mtu mmoja, mafupi kwa kimo, yasiyo na paa, magurudumu yako nje na injini iko nyuma ya mgongo wa dereva. Watu wakajaa majukwaani, na mngurumo ukasikika mpaka ndani ya maofisi ya mjini. Mashindano yakiisha, kazi ya kubomoa huanza, na haupiti muda ndege hurudi kana kwamba hapakutokea kitu.

Hapa kwetu tukisikia habari za mashindano ya motokaa, fikira hukimbilia Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953. Katika Safari kila gari huondoka peke yake likashindana na saa, juu ya barabara za vumbi na matope zilizokuwapo tangu hapo. Hayo ya Cleveland ni ya jamii nyingine. Magari yote huondoka pamoja, huzunguka njia moja mara nyingi, na atakayemaliza mizunguko kwanza ndiye mshindi. Mashindano ya namna hiyo huhitaji mahali pake maalumu, na mahali maalumu hugharimu mamilioni ya fedha. Cleveland haikuwa na mamilioni. Iliyokuwa nayo ni aibu, na hamu kubwa ya kuiondoa.

MJI ULIOFEDHEHEKA

Zamani Cleveland ulikuwa mji wa kutajika. Viwanda vya chuma vilifuka moshi mchana na usiku, na katika hesabu ya watu ya mwaka 1950 mji ulikuwa na wakazi zaidi ya 900,000. Baadaye kazi zikapungua, watu wakahama, na hesabu ya mwaka 1980 ikaonyesha wamebaki 573,000 hivi.

Kabla ya hapo mji ulikuwa umekwisha kuchekwa na nchi nzima. Mwezi Juni 1969 mto wake, uitwao Cuyahoga, ulishika moto. Naam, msomaji, mto uliwaka, kwa sababu ya mafuta na taka za viwanda zilizokuwa zikielea juu ya maji. Kisha mwezi Desemba 1978 serikali ya mji ikashindwa kulipa madeni yake kwa mabenki, ikawa ndiyo ya kwanza miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani kupatwa na msiba huo tangu ile dhiki kuu ya miaka ya 1930. Wachekeshaji wa redio na televisheni walipokosa la kusema, walilitaja jina la Cleveland, na watu wakacheka.

Mtu akifedheheka, hutafuta jambo la kumwinua kichwa. Miji nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1982, chini ya Meya George Voinovich, Cleveland ilikubali jambo ambalo miji mingi ingelikataa: kufunga kiwanja cha ndege ili watu waje kushindana magari.

KWA NINI KIWANJA CHA NDEGE?

Jibu ni rahisi ukiitazama ardhi yenyewe. Kiwanja cha Burke kilifunguliwa mwaka 1947 na kikapewa jina la Thomas Burke, aliyekuwa meya wa mji huo. Kimejengwa juu ya ardhi iliyopatikana kwa kulijaza ziwa kifusi, kwa hiyo ni tambarare kama meza. Hakuna mti, hakuna nguzo ya stima ukingoni mwa njia, hakuna ukuta wa nyumba ya mtu. Dereva akikosea kona, mbele yake mna nafasi ya kuteleza mpaka gari lisimame. Kwenye mashindano yanayofanywa katika barabara za mjini, dereva huyo huyo angekutana na ukuta.

Faida ya pili ni ya watazamaji. Katika viwanja vingi vya mashindano mtu hununua tikiti, akakaa kwenye kona moja, akaona magari yakipita kama umeme kisha akangoja yarudi. Cleveland, kwa sababu ya utambarare wake, aliyekaa juu ya jukwaa aliweza kuliona gari kutoka mwanzo wa mzunguko mpaka mwisho wake. Nyuma ya magari akaliona ziwa, na upande wa pili maghorofa ya mji. Na hiyo ndiyo picha iliyokuwa ikirushwa na televisheni. Mji uliokuwa ukitajwa kwa mto wa moto sasa ukatazamwa na watu wa mbali, ziwa lake la buluu likimetameta.

Faida ya tatu ni kwamba kiwanja cha ndege kina ua tayari. Hapana haja ya kuwafungia watu barabara zao, wala mwenye duka hana la kulalamikia. Tena Cleveland ina kiwanja kingine, Hopkins, kilichofunguliwa mwaka 1925 upande wa kusini-magharibi, na huko ndiko wapitako abiria wengi wa mashirika makubwa. Burke hutumiwa zaidi na ndege ndogo na za matajiri wenye shughuli zao. Kwa hiyo kukifunga kwa siku chache hakukuukatia mji njia ya kusafiri. Kadhalika, mwenye kiwanja ni mji wenyewe. Mwazimaji na mwazimwaji walikuwa nyumba moja.

KAZI YA KUKIGEUZA

Asije mtu akadhani kwamba kazi ilikuwa ni kuchora mistari tu na kupuliza kipenga. Kwanza marubani hutangaziwa mapema kwamba kiwanja kitafungwa siku fulani mpaka siku fulani, maana rubani asiye na habari ni hatari kwake na kwa watu walio chini. Ndege zilizoegeshwa huhamishwa. Kisha huja malori, moja baada ya jingine, yamebeba vipande vya kuta fupi za zege, seng'enge za kuwakinga watazamaji, marundo ya tairi kuukuu za kupunguza kishindo cha gari litakalogonga, na vyuma vya kuungia majukwaa. Mahali pasipokuwa na kitu hufanywa mji mdogo: vyoo, mahema ya waganga, magari ya zimamoto, mitambo ya televisheni, vibanda vya chakula, na njia ya mafundi ambamo magari huingia kubadilishwa tairi na kutiwa mafuta.

Njia ya mashindano ilipatikana kwa kuunganisha barabara za kurukia ndege na vile vijia vya pembeni ambamo ndege hutambaa kabla ya kuruka. Mwaka wa kwanza mzunguko ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 4. Baadaye njia ikabadilishwa, na katika miaka ya mwisho ilikuwa karibu kilomita 3.4, yenye kona kumi.

Lakini kitu kilichojengwa kwa ajili ya ndege hakikujengwa kwa ajili ya gari. Ndege hugusa ardhi kwa magurudumu machache, tena ina miguu ya kupunguza kishindo. Gari la mashindano hupita juu ya saruji kwa kimo cha vidole viwili au vitatu tu. Kila penye kiungo cha saruji, kila penye kiraka, na kila mahali ardhi ya kifusi ilipotitia kidogo, dereva alikipata kishindo hicho katika uti wa mgongo na mikononi. Madereva waliotoka katika viwanja laini vya Ulaya walishuka hapa viganja vimechubuka. Tena hapakuwa na mti wala nyumba ya kuwa alama ya kumwonyesha dereva mahali pa kukanyaga breki. Alizitegemea mbao zilizowekwa pembeni na kumbukumbu yake mwenyewe, na juu ya uwanda mpana kama huo macho hudanganyika upesi.

Na jua! Mwezi wa Julai Cleveland huwa na joto, na saruji huongeza joto juu ya joto. Kivuli hakuna. Watazamaji walikuja na kofia na maji, na aliyebahatika alipata upepo wa ziwa.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya mwisho, nayo haionekani na watazamaji. Baada ya mashindano barabara hubaki imejaa vipande vya mpira, skrubu, vibanzi vya chuma na mabaki ya magari yaliyogongana. Kitu kidogo kama hicho kikivutwa ndani ya injini ya ndege huweza kuiharibu na kuhatarisha roho za watu. Kwa hiyo kiwanja hufagiliwa na kukaguliwa kabla ya ndege ya kwanza kuruhusiwa kutua. Mtu akiazima sufuria kwa jirani, huirudisha imesuguliwa. Hapa aliyesahau kusugua angeliweza kuua.

KONA YA KWANZA

Mambo yaliyoipa Cleveland sifa miongoni mwa wapenzi wa mchezo huo yalikuwa katika kona ya kwanza. Barabara kuu ya kurukia ndege ina upana wa mita 45 hivi, na magari yalipopewa bendera ya kijani yaliondoka yakiwa yametanda, matatu, manne, hata matano bega kwa bega, kila dereva akiona mbele yake mna nafasi tele. Lakini mwisho wa nafasi hiyo palikuwa na kona kali inayokaribia kumrudisha mtu alikotoka, na hapo njia hubana ghafla. Wote wanataka kuingia, na mlango ni mmoja.

Basi mara kwa mara magari yaligongana hapo hapo kabla hata mzunguko wa kwanza haujaisha. Dereva aliyefanya kazi mwaka mzima, na mafundi waliokesha usiku kucha, waliyaona matumaini yao yakivunjika kwa dakika moja. Wengine walijifunza kungoja nyuma kidogo, wenye haraka wagombane, kisha wao wakapita katikati ya vumbi.

Hatari haikuwa ya kugongana tu. Kwa muda mrefu magari hayo yaliendeshwa kwa methanoli, ambayo ni namna ya spiriti. Moto wake mchana hauonekani kwa macho. Mtu anaweza kuwa anaungua, na aliye karibu naye anamwona akiruka na kujipigapiga tu bila ya kuona mwali. Kwa sababu hiyo katika njia ya mafundi maji huwekwa tayari wakati wote, kwani moto wa methanoli huzimwa kwa maji. Wasimamizi wenye bendera na watu wa zimamoto walikuwa wakishika roho za watu mikononi mwao.

MTOTO WA NYUMBANI NA MZEE ALIYELIA

Mashindano ya kwanza yalifanywa Julai 4, 1982, siku ya sikukuu ya uhuru wa Marekani. Yalikuwa ya mizunguko 125, jumla kilomita 500, na ndiyo sababu yakaitwa Cleveland 500. Mshindi alikuwa Bobby Rahal, aliyezaliwa katika mji mdogo wa Medina, si mbali na Cleveland. Jamaa zake kwa asili ni watu wa Lebanon. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika mashindano ya daraja hilo, na ushindi huo ndio wa kwanza kwake. Baadaye alikuja kushinda Indianapolis 500 mwaka 1986 na kutwaa ubingwa wa mwaka mara tatu. Mji uliokuwa ukihitaji furaha haungeliweza kuomba mwanzo mwema kuliko mtoto wa nyumbani kushika kikombe.

Baada yake wakaja mabingwa wa kila taifa. Al Unser alishinda mwaka 1983, na mwanawe, Al Unser mdogo, akashinda 1985 na 1994. Mario Andretti alishinda 1988, na mwanawe Michael akashinda 1991. Danny Sullivan wa Marekani, Emerson Fittipaldi wa Brazil na Paul Tracy wa Kanada walishinda mara tatu kila mmoja. Mwaka 1995 alishinda Jacques Villeneuve, ambaye miaka miwili baadaye akawa bingwa wa dunia wa Formula 1. Mwaka 1997 Mwitaliano Alex Zanardi alirudishwa nyuma sana kwa sababu ya adhabu, akawapita mmoja mmoja mpaka akafika mbele, na mwaka uliofuata akashinda tena. Katika miaka hiyo magari yaliyo mepesi kabisa yalikuwa yakiumaliza mzunguko kwa muda usiotimia dakika moja.

Lakini ushindi unaokumbukwa kwa huruma ni ule wa Roberto Moreno wa Brazil, mwaka 2000. Moreno alikuwa na umri wa miaka 41. Kwa muda mrefu maisha yake yalikuwa ya kuitwa kushika nafasi ya dereva mwingine aliyeumia. Siku hiyo aliongoza na kushinda kwa mara ya kwanza katika daraja hilo, naye akalia mbele ya watu. Hata mafundi wa makundi mengine walimfurahia.

Mwaka 2003 waandaaji walithubutu jambo jipya. Walileta taa kubwa, wakaendesha mashindano usiku, na Mfaransa Sébastien Bourdais akawa mshindi.

FEDHA ZA BIA NA SIGARA

Msomaji wa pwani atataka kujua fedha za kazi hiyo zilitoka wapi. Tikiti peke yake hazitoshi kulipa malori, majukwaa, bima na walinzi. Sehemu kubwa hutoka kwa makampuni yanayotaka majina yao yaonekane. Mwanzoni mashindano hayo yalichukua jina la kampuni ya bia, na baadhi ya magari yakabeba majina ya sigara. Hivyo ndivyo mchezo huo ulivyoendeshwa katika nchi nyingi kwa miaka mingi, mpaka sheria zikaanza kuibana tumbaku. Watoto waliokaa majukwaani kumtazama shujaa wao walilisoma jina la sigara ubavuni mwa gari lake. Ni haki kulisema hilo pamoja na sifa zote tulizozitaja, kwa kuwa hapana karamu isiyokuwa na mlipaji, na mlipaji huwa na haja yake.

WAPIGANAPO FAHALI WAWILI

Kilichoyamaliza mashindano ya Cleveland hakikutoka Cleveland. Mwaka 1996 wakuu wa mchezo huo walikosana. Tony George, mkuu wa kile kiwanja mashuhuri cha Indianapolis, alianzisha chama chake cha mashindano, na chama cha zamani kilichoitwa CART kikabaki upande wake. Madereva wakagawanyika, wafadhili wakagawanyika, na watazamaji wakachoka. CART ikafilisika, ikanunuliwa, ikaendelea kwa jina la Champ Car. Muda huo wote Cleveland ilibaki katika chama hicho.

Mwezi Februari 2008 vyama viwili vikaungana. Wapenzi wa mchezo walishangilia, lakini ratiba ya mwaka huo haikuweza kuyabeba mashindano ya pande zote mbili. Yale ya Cleveland, ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa, yakafutwa. Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo ziumiazo. Katika habari hii fahali walipatana, na nyasi zikaumia vile vile.

Hapo ndipo ubaya wa kitu cha kuazima ulipojitokeza. Kama Cleveland ingelikuwa na kiwanja chake cha magari, majukwaa yangelibaki yamesimama, na mwenye kuyamiliki angelitafuta mashindano mengine ya kuyajaza. Lakini kuta za zege zilikwisha ondoka kwenye malori tangu 2007. Ndege zilikuwa zikitua na kuruka. Hapakubaki hata jiwe la kumwonyesha mgeni kwamba hapa ndipo Moreno alipolia.

WENZAKE WALIFANYAJE?

Si Cleveland peke yake iliyofanya hivi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, nchi nyingi zilibaki na viwanja vya ndege za kivita visivyo na kazi. Silverstone, huko Uingereza, ilikuwa kambi ya ndege, na tarehe 13 Mei 1950 ndipo palipofanywa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa Formula 1. Sebring, katika jimbo la Florida, ilikuwa kambi ya mafunzo ya marubani, na mashindano yake ya saa 12 yalianza mwaka 1952. Hadi leo magari hupita huko juu ya saruji ile ile ya wakati wa vita. Viwanja hivyo vilidumu kwa sababu wanajeshi waliondoka, na waliokuja na magari wakapata kukaa.

Edmonton, huko Kanada, ilifuata njia ya Cleveland. Kuanzia 2005 mpaka 2012 magari yalishindana katika kiwanja chake cha katikati ya mji, na mwaka 2013 kiwanja chenyewe kikafungwa kabisa. Katika mji wa St. Petersburg, Florida, sehemu ya njia hupita juu ya barabara ya kurukia ndege na sehemu iliyobaki hupita barabarani, na mashindano hayo yamefanywa kila mwaka tangu 2005. Kuazima, basi, si kosa. Kinachotazamwa ni kama aliyeazima na aliyeazimwa wanaendelea kuhitajiana.

Cleveland wenyewe hawajasahau. Kila baada ya muda husikika mtu akiuliza kama magari hayawezi kurudi Burke. Lakini katika miaka ya karibuni wakuu wa mji wamekuwa wakizungumza habari za kukifunga kiwanja hicho moja kwa moja, ili ukingo wa ziwa uwe wa bustani na wa raia kupunga upepo. Likitimia jambo hilo, haitakuwapo tena nguo ya kuazima. Zitabaki picha za siku zile za Julai, ziwa nyuma, magari matano bega kwa bega yakiikimbilia kona moja, na mji ambao kwa siku tatu kila mwaka haukuwa kichekesho cha mtu yeyote.